Kwaya ya Maiki Zilizozimwa

Kwa miaka zaidi ya ishirini niliyomjua, Mwalimu wetu wa kwaya hakuwahi kuniita kwa jina langu. Mimi nilikuwa Sauti ya Pili, basi. Mume wangu, ambaye haimbi na hana mpango wa kuimba, alikuwa Bwana wa Sauti ya Pili. Nilipojifungua binti yangu, Mwalimu alinitumia ujumbe wa sauti kunipongeza, na kabla hajauliza mtoto ana kilo ngapi, aliuliza kama analia kwa juu au kwa chini. Nikamjibu kwa juu. Akasema haidhuru, atashuka akikua.

Siku moja nilimsindikiza kituo cha afya kumtafsiria, maana Kiswidi chake kilikuwa cha kusalimia na kuaga tu. Nesi akauliza mimi ni nani wake. Nilitegemea atasema mtoto wa ndugu, au jirani, au kitu chochote cha kueleweka na serikali. Mwalimu akanyoosha vidole viwili, akasema "två", yaani mbili. Nesi akamwangalia, akaniangalia mimi, akaandika kitu kwenye kompyuta yake. Mpaka leo sijui aliandika nini. Labda kule ndani ya faili lake kuna mtu wa ajabu anayeitwa Mbili, wa kupigiwa simu mzee akizidiwa.

Sitaeleza alikozaliwa wala ukoo wake. Yeye mwenyewe hakupenda habari hizo. Akikutana na Mkongo mwenzake kwenye metro, ile treni ya chini ya ardhi, na yule akaanza kuchimba, mzee wewe ni wa wapi, mtoto wa nani, Mwalimu alimkatiza na kumuuliza anaimba sauti gani. Kama haimbi, mazungumzo yalikuwa mafupi. Kwake watu wote wa dunia walikuwa makundi manne, na waliobaki walikuwa wasikilizaji.

Nilimkuta kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma nikiwa na miaka kumi na minne. Alikuwa mkali, nisiseme uongo. Saa kumi kamili alifunga mlango wa kanisa kwa komeo, na aliyechelewa aliimbia nje dirishani, awe mtoto awe mzee wa kanisa. Kuna siku besi wetu mmoja alichelewa kwenye foleni ya unga, mlango ukawa umeshafungwa, na mvua ikaanza. Tukamwomba Mwalimu amfungulie. Akakataa. Mvua ikazidi. Mwalimu akafungua komeo, akatoka yeye, akafunga mlango nyuma yake, akasimama kwenye mvua pamoja na yule besi, akatuongoza kupitia dirishani mpaka wimbo ukaisha. Shati limemgandia mwilini, mkono unapanda na kushuka kama kawaida. Sheria haikuvunjwa. Nimewasimulia watu wengi kisa hiki na wengi wanacheka, lakini sisi tuliokuwa ndani, wakavu, hatukucheka.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, huwezi kumpanga upande mmoja. Alitukataza vitu vitamu kwa sababu vinaharibu koo, halafu mifuko ya koti lake ilijaa makombo ya zile keki za mdalasini ambazo Waswidi hula na kahawa. Alituhubiria kuwahi, na yeye mwenyewe alichelewa kila miadi ya maisha yake isipokuwa mazoezi. Alisema muziki ni wa Mungu na hauna mwenyewe, lakini ukiimba wimbo aliotunga yeye ukabadilisha hata nukta moja, alikununia mwezi mzima. Hakusema "imbeni" hata mara moja. Aliinua mkono, akasubiri, na wewe ukajua. Tukilegea alisema, "Sauti ya pili, munalala." Tukipatia hakusema kitu, na kwetu kimya kile ndicho kilichokuwa sifa.

Mimi nilitangulia kuja Sweden, yeye akafuata miaka kadhaa baadaye, mjane, na sanduku moja na bahasha ya karatasi za nyimbo. Akapewa chumba kimoja na jiko huko Rissne, pembeni mwa Stockholm, ghorofa ya nne. Mtu mwingine angetafuta kwanza kitanda na kochi. Mwalimu alitafuta kinanda, halafu viti kumi na viwili vya kukunja, kitanda kikaja mwisho. Tulikuwa tisa tu Stockholm nzima tuliowahi kuimba kwake, lakini alisema viti vitatu ni vya wanaokuja. Kila Jumatano saa kumi na mbili jioni tulijazana chumbani kwake, mimi natoka Skärholmen, wengine Akalla, majaketi yamerundikwa kitandani mpaka kitanda hakionekani. Jirani wa chini, mama wa Kiswidi, alipanda mara moja kulalamika. Mwalimu akampa kiti. Akakaa mpaka mwisho, na akaja tena mara mbili kabla hajahama.

Binti yake wa pekee anaishi Göteborg, mji wa mbali na sisi, na familia yake. Ni mtoto mwema, asionewe. Alimpigia baba yake kila Jumapili kwa video, wajukuu wakasukumwa mbele ya simu wakasema "hej morfar", hujambo babu, halafu wakakimbia. Mwalimu hakuwalaumu. Alisema wanaongea kwa sauti ya kwanza wote wawili na hakuna wa kuwajibu. Miaka na miaka binti alimwomba ahamie Göteborg, kuna chumba, kuna watu wa kula nao. Jibu lilikuwa moja: ana kazi. Binti akimuuliza kazi gani baba, wewe ni mstaafu, Mwalimu alikasirika kabisa. Aliniambia mimi, "Eti mstaafu. Jumatano wataimba na nani?"

Niliwahi kumpeleka kwenye kwaya ya wazee wa Kiswidi huko Sundbyberg, nikidhani itamsaidia kupata marafiki. Walimpokea vizuri mno. Walimpa kahawa, wakampa daftari la nyimbo, wakamweka katikati. Alikwenda mara tatu akaacha. Nilipomuuliza kosa lao nini, alisema wanaimba vizuri lakini hawagombani. Mtu anakosea, wanatabasamu. Mwalimu wao anawashukuru. Kwake ilikuwa sawa na kumwambia mtu kwamba hana umuhimu, akosee asikosee. Nilimcheka wakati ule. Nimekuja kumwelewa baadaye, na kwa njia mbaya.

Haya ya mtandao niliyaanzisha mimi, lazima niseme. Ugonjwa wa korona ulipokuja na watu wakaambiwa wasikusanyike, Mwalimu alikaa Jumatano mbili bila mazoezi na akaanza kuumwa. Tumbo, mara mgongo, mara usingizi hauji. Nikaenda kwake na barakoa yangu, nikamfungulia akaunti kwenye kompyuta, nikamwonyesha jinsi ya kutuma kiungo kwenye kundi letu la simu. Alivyogundua kwamba hata waliotawanyika Norway na Kanada wanaweza kuingia, na wachache waliobaki kambini mtandao ukiwaruhusu, mzee alifufuka. Jumatano ya kwanza tulikuwa watu ishirini na sita. Watu walilia kuonana. Besi yule wa mvuani alikuwa Kanada, kipara kabisa, amevaa sare za kiwandani. Mwalimu alikuwa amevaa tai.

Lakini kuimba pamoja kwa mtandao haiwezekani, na aliyewahi kujaribu anajua. Sauti inachelewa. Wa Norway anamaliza ubeti, wa Kanada ndiyo anaanza, inakuwa sokoni. Tulijaribu mara tatu, tukashika tumbo kwa kucheka. Mwalimu hakucheka. Alifikiri wiki nzima, akaja na utaratibu wake. Kila mtu azime maiki. Yeye peke yake abaki wazi, apige kinanda na kuongoza kwa mkono, na kila mmoja aimbe kwake nyumbani kwa sauti kamili, amesimama, kamera ikiwa wazi. Kwa hiyo kila mtu alikuwa anasikia vitu viwili tu, kinanda cha Mwalimu na sauti yake mwenyewe. Na yeye hakumsikia mtu yeyote. Alitazama midomo.

Mwanzoni alikagua. Alisimamisha wimbo akasema sauti ya tatu fungueni, mmoja mmoja, niimbieni mstari huu. Watu walijiandaa. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi kwenye metro nikienda kazini, chini chini, Waswidi wanasogea mbali nami. Lakini miaka ikapita. Marufuku ziliondolewa, na kukutana ana kwa ana hakukurudi, maana huyu amehamia mji mwingine, yule ana zamu, mwingine watoto wana mpira, na mtandao ni rahisi zaidi. Kisha kamera zikaanza kuzimwa. Mmoja akasema yake imeharibika, mwingine mtandao mdogo. Haukupita muda kioo cha Mwalimu kikawa vimiraba vyeusi vyenye majina. Na yeye akaacha kukagua. Kwa nini mtu mkali kama yule aliacha kukagua, hakuna aliyeuliza. Ilikuwa nafuu yetu.

Tuliingia, hilo nikiri. Kila Jumatano, majina kumi na tano, kumi na manane. Tuliona ni heshima. Unabonyeza kiungo, unasema "Mwalimu shikamoo", unazima maiki na kamera, unaweka simu karibu na sinki, unaendelea na maisha yako. Nilipika, nilikunja nguo, nilimkagua binti yangu kazi za shule, ananijibu kwa Kiswidi, na nyuma yetu kinanda kinalia na mzee anaimba mstari huu, anaimba ule, anasema "Bon, tena." Kila baada ya wimbo alitukosoa. Sauti ya nne mmechelewa kuingia. Sauti ya pili leo mko vizuri, msiniharibie kwenye ubeti wa tatu. Tukipigiana simu baadaye tulitaniana kwa hilo. Mzee amesikia nini, na maiki zimezimwa? Tulisema ni mazoea. Tulisema anaigiza ili tusijisikie vibaya.

Na mnajua kazi yangu ni nini? Natunza wazee. Niko kwenye nyumba ya wazee huku kusini mwa mji mwaka wa kumi na moja sasa. Kuna bibi mmoja pale anaandaa vikombe viwili vya kahawa kila siku saa nane, na mimi najua kwamba nikipita bila kukaa hata dakika tano, kile kikombe cha pili kitamharibia siku nzima. Nakaa. Namshika mkono, namuuliza habari za mbwa aliyekufa zamani. Wakubwa wangu wananisifu, wanasema nina moyo. Halafu Jumatano narudi nyumbani, namweka mzee wangu mwenyewe karibu na sinki.

Sasa nifike kwenye Jumatano ile. Ilikuwa Februari, nimetoka zamu ya asubuhi, miguu imevimba. Niliingia, nikaamkia, nikabonyeza maiki. Au nilidhani nimebonyeza. Mikono ilikuwa na unga, na kioo cha simu hakishiki kidole chenye unga, hilo kila mpishi analijua. Mwalimu akaanza wimbo mpya, ule tuliokuwa nao tangu Oktoba. Nikafungua maji, nikaanza kuosha sufuria. Mume wangu akaingia jikoni, akasikia kinanda, akaniuliza kama si nasumbua mazoezi kwa kelele zile.

Nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa wazi kwa watu kumi na saba katika nchi nne, "Mazoezi gani? Hakuna anayeimba pale. Mwache mzee ajiimbie, tunamwekea majina tu asijisikie mpweke."

Kinanda kikanyamaza.

Sikugundua mara moja. Niliendelea kusugua sufuria, na nikaongeza mengine, kwamba nimechoka, kwamba wazee nawaona kutwa nzima kazini, kwamba laiti angehamia kwa binti yake tukapumzika. Hayo nayo yalikwenda. Ndipo nikasikia simu inaita jina langu. Jina langu lenyewe, lile la ubatizo. Alikuwa besi wa Kanada, amefungua maiki, ananiita, halafu anasema, "Dada, zima. Dada, tafadhali zima." Nilipogeuka, kwenye kioo alikuwepo Mwalimu peke yake mwenye sura, tai yake, mikono yake miwili juu ya kinanda. Alikuwa anatazama vile vimiraba vyeusi kimoja kimoja, kwa mpangilio, kutoka juu kushuka chini. Halafu akasema kwa upole kabisa kwamba leo tumeishia hapo, na akatuaga.

Nilimpigia usiku ule na kesho yake, hakupokea. Nikaandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi, nikaufuta, nikaandika mwingine, nikautuma. Akajibu kwa maneno matatu: Hakuna shida, mwanangu. Wenzangu wengine walinipigia kunilaumu, na wengine walinipigia kunishukuru kwa sababu nimesema ukweli. Waliokuwa wananishukuru ndio walioniumiza zaidi.

Jumatano iliyofuata kiungo kikaja kama kawaida. Jamani, tulivyoingia siku hiyo. Kamera zote wazi, zile zilizoharibika miaka mitatu zimepona. Watu wamesimama, wengine na tai. Mimi nilikuwa nimevaa sare ya zamani ya kwaya, ile ya kitenge cha kijani, inanibana. Mwalimu akatusalimu. Hakugusa kinanda. Alimuuliza kila mtu habari za watoto, za kazi, za baridi ya huko aliko, mmoja baada ya mwingine, akasikiliza kila jibu mpaka mwisho, na sisi tulijibu kama tuko mbele ya daktari. Saa nzima ikaisha hivyo. Kisha akasema ahsanteni sana, tumeongea vizuri. Kiungo hakikuja tena.

Wiki tatu baadaye binti yake akanipigia kutoka Göteborg, furaha tupu. Baba amekubali kuhama. Aliniuliza nimetumia ujanja gani, maana yeye amemwomba miaka nane. Nikashindwa kumwambia. Nikasema labda ni umri.

Nilikwenda kumwona Jumamosi moja ya Machi, mchana, siku moja kabla binti hajaja kumchukua. Theluji ilikuwa inayeyuka, njia nzima kutoka kituo cha Rissne ni tope na ule mchanga wanaomwaga watu wasiteleze. Nilimbebea chapati. Chumba kilikuwa kimeshafungwa kwenye maboksi, isipokuwa birika, vikombe viwili na kinanda. Akanipokea vizuri, akaniuliza Bwana wa Sauti ya Pili hajambo, akaweka chai mezani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Skärholmen, kwenye treni nyekundu na kwenye ile ya buluu, yakapotea yote.

Juu ya kinanda kulikuwa na karatasi ya wimbo ule wa Oktoba, kwa mwandiko wake, mistari minne ya solfa, zile noti za kuandikwa kwa herufi. Nikainama kuitazama ili tu nisimtazame yeye. Kwenye ubeti wa tatu mistari mitatu ilikuwa mitupu. Wa pili tu ndio ulioendelea, na juu yake ameandika: Sauti ya Pili wa Skärholmen, peke yake.

Sikuwahi kujua kwamba ubeti ule ulikuwa wangu. Alikuwa ameutangaza, bila shaka. Nilikuwa wapi? Kwenye sinki.

Mwalimu akakaa kwenye kinanda. Akapiga utangulizi, akainua mkono, akasubiri. Nikafungua mdomo. Sikuijua sauti, sikuyajua maneno. Nikatazama zile herufi, nilizosoma kambini kwa urahisi kama jina langu, zikanitazama tu. Akadhani nimekosa kuingia. Akarudi mwanzo, akapiga utangulizi tena, akainua mkono tena, kwa uvumilivu ambao hakuwa nao tukiwa watoto. Mara ya tatu alielewa kwamba siujui, akaanza kuuimba yeye ule mstari, kwa sauti yake nyembamba ya uzee. Ulipanda polepole, ukakaa pale pale ambapo koo langu lina nguvu, mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba nina nguvu, halafu ukashuka. Ulikuwa mzuri sana. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angenitungia kitu kile, kwa sababu hakuna mwingine aliyenisikiliza kiasi hicho.

Nikalia. Nikamwambia anisamehe kwa maneno yale ya jikoni.

"Yale si kitu," akasema. "Mtu akichoka husema. Lakini mimi nilikuwa nawasikia. Nafunga macho, napiga, nawasikia wote. Unaingia wewe, wanaingia kina tatu, besi wanachelewa, nawasubiri. Sikuwa nawadanganya nilipowakosoa. Nilisikia kweli." Akaweka kidole kwenye kinanda, akapiga noti moja, akaiacha iishe. "Sasa nikipiga ni kinanda tu."

Nikamshika mkono. Nikamwambia anifundishe ule mstari sasa hivi, hapo hapo, siondoki mpaka niujue. Nikasema nitamfuata Göteborg kila Jumamosi nisiyokuwa na zamu, nitaimba mbele yake, maiki hakuna, mtandao hakuna, mimi na yeye. Nilimaanisha kila neno.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na sauti tatu zilizobaki?"

Niliwafikiria wa Norway, wa Kanada, wa Akalla, nikajua kwamba hata mmoja hataacha alichonacho Jumamosi. Mwalimu alisubiri kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Kisha akainama, akachomoa waya wa kinanda ukutani, akauzungusha taratibu kwenye kiganja, akaufunga kwa mpira na kuuweka ndani ya boksi lililoandikwa vyombo vya jikoni. Akarudi mezani, akanisogezea kikombe, akasema chai inapoa. Nikanywa chai yote, mpaka majani ya chini, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kumfanyia.